Tableti ya nyumba muzima, batoto batatu, dola 150: nichukue inchi 7, 8 ao 10?

MamaTatu_Katuba

Bonjour ba yaya, ba mama na ba papa wote wa humu ndani. Niko natafuta tableti moja ya nyumba muzima, siyo ya mutu mumoja. Batoto beko batatu, wa kwanza eko mu sita ya sekondari anajitayarisha na Exetat (ule mutihani wa taifa wa kumaliza sekondari), wa kati eko na miaka 9, wa mwisho 4. Kwa sasa kila kintu kinapita mu simu yangu, ba PDF za masomo, ba items (maulizo) za Exetat za miaka yenye ilipita, katuni za mudogo, na ile ile simu njo natumikia nayo ku biashara. Mutu ananipigia anataka bintu, mutoto anamukata juu alikuwa mu katikati ya video, kisha mangaribi mukubwa na wa kati banaanza kugombania simu, mi sipendi vile mu nyumba yangu.

Feza yenye niko nayo ni dola 150. Nikijikaza naweza fika 180 lakini pale nitakuwa nimegusa ile ya minerval, feza ya masomo, na sitaki kuigusa.

Nilipita ku vil, katikati ya Lubumbashi yetu, nikauliza mu magazini mbalimbali. Banaonyesha za inchi 7 chini ya dola 60, banaonyesha ingine ya inchi 10 kwa dola 90, banasema iko na 256 giga na 8 giga RAM, kifuniko na ekuteri za masikio banakupatia bure juu yake. Kisha Samsung moja mudogo, haifike ata inchi 9, bei yake inapita ile kubwa mbali sana. Hapo njo sielewi, namna gani kadogo kanauzishwa bei kuliko kakubwa? Na ile inchi banapimaka kutoka wapi mpaka wapi?

Mujue pia kwetu umeme unakujaka na kuenda, siku zingine unarudi usiku batoto benyewe balishalala. Wi-Fi hatuna, tunanunuaka ba mega za intaneti tu. Nataka kununua mara moja na kintu kikae, munisaidie.

Fundi_Ruashi

Mama, salamu sana. Miye natengenezaka ba simu na ba tableti, acha nianze na ulizo lako la bei juu njo lenye uzito.

Inchi ni kipimo cha ekrani peke yake, banapima kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande mwingine, na inchi moja ni sentimita 2,54. Kwa hiyo 7 ni karibu sentimita 18, na 10 ni sentimita 25 na kidogo. Mutu anaona 7 na 10 anasema tofauti ni tatu tu. Hapana. Ukiangalia nafasi yote yenye jicho linaona, ekrani ya 7 haifike ata nusu ya ile ya 10,1. Ila ekrani kubwa siyo njo inakula feza sana, feza iko mu prosesa (ule ubongo wa mashini), mu RAM (memoari yenye aplikasio zinatumikia zikifunguka), mu batri, na mu ile miaka yenye fabrika itaendelea kukutumia programu mpya za usalama. Njo maana kadogo kanaweza kupita kakubwa bei na siyo wizi.

Sasa ile ya dola 90 na 256 giga naiogopa mama, naiogopa kabisa. Za namna ile zinakujaka ku meza yangu kila mara. Ku karton banaandika 256, ukiingia mu parametri inakuandikia pia 256, kumbe ndani iko 16 ao 32, babadirishe tu ile namba yenye mfumo unaonyesha. Siku utajaza picha na masomo, faili za mpya zinapanda juu ya zile za zamani na hakuna yenye inafunguka tena. RAM ni vile vile, mara mingi ni 2, na zingine zenye banaongeza ku hesabu ni memoari yenye inakopwa mu stokaje (fasi ya kuwekea faili), ile haitembei mbio sawa RAM ya kweli.

Mbele ya kulipa omba bakuwashie yenye utapeleka wewe mwenyewe, siyo ile ya kuonyesha. Ingia mu Play Store, bonyeza ile picha ya akaunti juu, fungua parametri, tafuta sehemu yenye inaelezea aplikasio yenyewe, soma pale kwenye Play Protect, ile ulinzi ya Google. Ikisema kifaa kimethibitishwa, sawa, endelea. Ikisema hapana, barudishie. Siyo mambo ya kutishana bure hapa, mwaka 2025 FBI, polisi ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo juu ya programu mubaya yenye banaita BADBOX 2.0, ile inakuwa imeshaingia mu bifaa vya Android vya bei ya chini ata mbele havijatoka mu karton, bifaa vyenye viliguswa vilipita milioni moja. Vingi vilikuwa visanduku vya televizio lakini tableti zenye hazina jina zilikuwamo pia. Na wewe uko na feza ya biashara ku namba ya simu, usikubali kifaa cha namna ile kikae karibu na akaunti zako.

Ya mwisho, RAM chini ya 3 giga usinunue. Iko Android nyepesi yenye banaita Go, ile njo ya bifaa vya 2 giga, inatembea kwa mambo madogo, lakini fungua PDF ya kurasa 200 na WhatsApp pamoja utaona inavyokwama.

Ile Samsung yenye uliona nafikiri ni Galaxy Tab A9. Ilitoka mwaka 2023, inchi 8,7, ile ya kawaida iko na RAM 4 giga, stokaje 64, batri 5100 mAh (kipimo cha umeme wenye batri inabeba), na inapokea karti memoari. Kubwa yake njo A9+, inchi 11, batri 7040, kule Marekani iliingia ku soko karibu dola 220. Huku kwetu ongeza transport, dwane (kodi ya mupaka) na faida ya mwenye magazini. Kwa 150 yako, A9 njo iko karibu.

Mwalimu_Kamalondo

Fundi amesema kweli kuhusu vile vifaa vya kudanganya, hapo sina la kuongeza. Ila kuhusu ukubwa mimi naona tofauti, maana huyu mtoto wa Exetat ndiye atakayeitumia zaidi mwaka huu, na mwaka wake huu haurudi.

Nafundisha hisabati sekondari. PDF zote wanazotumiana hawa vijana zimetoka kwenye karatasi ya A4, ama zimechapwa ama mtu kazipiga picha, na upana wa A4 ni sentimita 21. Tableti ya inchi 11 ukiisimamisha, ekrani yake ina upana wa karibu sentimita 15, kwa hiyo ukurasa unaingia kwa kama asilimia 70. Ile ya 8,7 upana wake ni sentimita 11 na kidogo, yaani nusu ya karatasi na kidogo. Ile ya 7 ni sentimita 9, haifiki hata nusu. Sasa geuza hiyo iwe herufi: maandishi ya ukubwa wa 12 kwenye karatasi yanakuwa kama 8 kwenye inchi 11, kama 6 na nusu kwenye 8,7, na 5 kwenye inchi 7. Sentensi ya kawaida mtoto ataisoma tu kwa shida, lakini kipeo kidogo juu ya x, au ile namba ndogo chini ya alama ya kemia, pale 2 na 3 zinafanana, anajibu vibaya na alikuwa anajua. Anaweza kukuza kwa vidole, sawa, ila kila akikuza swali linaonekana na majibu yanatoka nje ya ekrani, anaenda anarudi, anachoka.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningetafuta ya inchi 10 au 11 ya jina linalojulikana, hata kama ni okazyo (iliyokwisha kutumika), kuliko mpya ndogo. Hiyo ndiyo kauli yangu.

Halafu mama, umesema mnanunua mega. Msiache mtoto asome kwa mega. Kuna aplikasio inaitwa Kiwix, ya bure, unapakua Wikipedia ya Kifaransa mara moja mahali penye Wi-Fi, halafu inasomeka bila intaneti kabisa. Yenye picha zote ni nzito, ila kuna ile isiyo na picha ambayo ni nyepesi sana kuliko hiyo. Kwa huyo wa miaka 9 pakua Vikidia, ile ensiklopedia ya watoto wa miaka 8 mpaka 13, inapatikana humo humo ndani ya Kiwix na haichukui nafasi kubwa. Faili ziweke kwenye karti memoari, na hiyo karti iformatiwe exFAT (namna ya kupanga faili ndani ya karti), kwa sababu namna ya zamani, FAT32, haikubali faili moja ipite giga 4, utapakua usiku kucha na mwisho itakataa.

MamaMapacha_Kenya

Mwalimu pole, namba zako ni za kweli lakini unaisimamisha tableti juu ya nini? Ilaze! Binti yangu alisomea Exetat na ya inchi 8 na hakulia macho. Ukiilaza ile ya 8,7, urefu wake ni karibu sentimita 19, ukurasa unajaza ule upana wote, herufi zinakuwa karibu sawa na za ku karatasi. Unaona karibu nusu ya ukurasa, unashusha na kidole unaona yenye inabakia, basi. Na zile PDF za picha zenye kando nyeupe, kata zile kando nyeupe, maandishi yanakuwa makubwa tena.

Sasa mama wa Katuba nikuelezee mambo ya kadogo ka miaka 4, juu ba papa beko wanaongea paka mukubwa. Tab A9 inapima gramu 332, A9+ gramu 480. Ukiisoma hivi unaona ni kidogo, lakini mutoto wa miaka 4 anashika na mikono miwili, anatembea nayo, anaipandisha ku kiti, ile ya inchi 11 inamuponyoka. Na ekrani kubwa ikianguka ku simenti inapasuka mbio kuliko ndogo. Kwangu tulinunua kifuniko kile kinene cha povu chenye mukono wa kushikia, na kioo cha juu ya ekrani. Kifuniko kama hicho cha 8,7 kiko mingi ku soko, cha inchi zingine utatafuta mpaka kuchoka, kwa hiyo chagua kifuniko na tableti siku moja.

Juu ya masaa: OMS (shirika la afya la dunia) mu 2019 ilisema mutoto chini ya mwaka mumoja hapana ekrani, na wa miaka 2 mpaka 4 asipite saa moja ku siku, na ikipunguka tena njo muzuri. Kwangu nafuata ile. Aplikasio ya Family Link ya Google inakusaidia, unapanga ku simu yako saa ngapi tableti ijifunge na aplikasio gani mutoto asifungue. Panga kabisa akaunti ya kila mutoto siku ya kwanza, usiseme utafanya kesho, juu wakishazoea akaunti yako inakuwa vita.

Na umeme! Hapo njo sikubali inchi 11 kwa nyumba yenye umeme unakatika. Powerbank ya 10 000 mAh haitoi 10 000, inapoteza mingi mu kubadirisha umeme, inabakia kama 6 000. Inajaza A9 ya 5100 mara moja kutoka sifuri, ile ya 7040 haiijaze. Mutoto wa Exetat na usiku wa giza, ile tofauti njo anaisoma nayo.

Dede_BelAir

Naona watu wamesahau iPad. Mimi natumikaka na iPad za okazyo, siuzishi, natumia tu na kusaidia familia kuchagua. Mpya sahau kwa 150, ile ya kawaida ya 2025 yenye 128 giga Apple iliitoa kwa dola 349 Marekani, mini ya 2024 dola 499, na hapo haijapanda ndege. Lakini ya okazyo inaingia mu bajeti yako na ekrani yake ya 9,7 iko pana kuliko za Android, haina lile umbo la kurefuka, PDF ya A4 inakaa muzuri sana ukiisimamisha, karibu sentimita 15 ya upana. Mwalimu atafurahi hapo.

Ila sikiliza vizuri. iPad Air ya kwanza, ile ya 2013, ilikwama ku iOS 12 (programu kubwa ya Apple yenye inaendesha kifaa, ku iPad leo banaiita iPadOS), aplikasio mingi za leo zinaikataa, usiichukue ata kwa bei ya zawadi. Air 2 ya 2014 ilifika mpaka iPadOS 15, na WhatsApp ya iPad yenyewe ilitoka 2025 na inaomba 15.1, kwa hiyo pale njo mupaka. Chukua ya nyuma yake, ya 2017 ao 2018.

Na kufuli. Tangu 2013 kila iPad inaweza kufungwa na akaunti ya mwenye aliinunua. Mwenye magazini anakuonyesha imewaka, inacheza video, kila kintu sawa, unaifika nayo nyumbani unaifuta ili uanze upya, inaomba neno la siri la mutu wa Ulaya wenye hujui. Kwa hiyo omba bafute yote mbele ya macho yako, mpaka ifike ku ekrani ya kwanza ya salamu, uweke akaunti yako pale pale mu magazini. Kisha uingie mu parametri, juu kabisa, kukiwa na sentensi yenye inasema iPad hii inasimamiwa na shule ao kampuni fulani, toka. Ile ilitoka mu darasa la watu, siku itashika intaneti wanaweza kuifunga kutoka kule kule. Android pia iko na kufuli yake ya akaunti ya Google, tangu 5.1, pima vile vile.

Kingine, iPad haina nafasi ya karti memoari. Mwenye 32 giga anabaki na 32 giga. Wikipedia ya mwalimu yenye picha zote itakosa pa kukaa.

Mwalimu_Kamalondo

@MamaMapacha_Kenya umenijibu vizuri, kwenye kulaza nakubali. Kwa hisabati yenye mchoro mrefu bado naona nusu ya ukurasa ni tabu, lakini items nyingi ni fupi, zinatosha. Na hoja ya powerbank sikuwa nimeiweka kwenye mizani. Kama nyumba haina umeme wa uhakika basi 8,7 inashinda, ila mtoto afanyie hesabu kwenye daftari na tableti iwe ya kusoma tu, asijibu maswali kichwani.

@Dede asante kwa hilo la kufuli, wazazi kwangu shuleni wameumia nalo.

MamaTatu_Katuba

Ba ndugu mbarikiwe, nimesoma yote na mukubwa wangu tumekaa pamoja tunasoma. Ile ya dola 90 nimeitoa mu kichwa. iPad inanitamanisha lakini bila karti memoari na ile hatari ya kufuli, hapana, sina feza ya kujaribu. Nakwenda ku 8,7.

Nibakishe maulizo mawili. Iko yenye kuingia SIM na yenye Wi-Fi tu, bei inatofautiana, nichukue gani? Na WhatsApp, kama tableti haina namba yake, group ya darasa la mukubwa atazipataje ba PDF? Sitaki simu yangu ianze tena kutoka mu mikono yangu.

Fundi_Ruashi

Chukua ya Wi-Fi mama. Simu yako itoe koneksyo kwa partaje (tableti inashika intaneti ya simu kwa Wi-Fi), mega ni zile zile, hulipi forfe mbili. Na ukitoka na simu yako intaneti ya tableti inatoka na wewe, batoto babaki na Kiwix na PDF zenye zimeshaingia, kwa nyumba yenye mudogo wa miaka 4 naona ile ni faida. Yenye SIM inafaa kama mukubwa anasoma mbali na wewe siku muzima.

WhatsApp haiombi namba mpya. Simu moja inaweza kuunganishwa na bifaa vine, unafungua WhatsApp ku tableti, inaonyesha kodi ya QR (kale ka mraba ka nukta nyeusi), unaiskani na simu, imekwisha. Lakini fikiri hapa: ukiunganisha namba yako ya biashara, ba message zako zote na za bateja zako zinaonekana ku tableti, mutoto wa miaka 9 anaweza kumujibu mutu. Kama mukubwa eko na kasimu kadogo kenye namba yake, unganisha ile yake. Kama hana, acha WhatsApp mu simu yako, mangaribi chagua zile PDF uzitume ku tableti kwa Quick Share (ile ya Android ya kutuma faili kwa kifaa cha karibu), haikule mega ata moja, faili zinapita moja kwa moja kutoka simu mpaka tableti.

Karti memoari chukua ya 64 ao 128 ya jina lenye linajulikana, nazo za uongo ziko mingi ku soko kuliko tableti za uongo. Ijaze siku ile ile kabisa, mpaka mwisho, fungua faili za kwanza na za mwisho, zikifunguka ni ya kweli. Na omba fakturi yenye bameandika namba ya IMEI ao namba ya seri ya kifaa, siyo karatasi ya bei tu, juu garanti ya mu mudomo haina nguvu siku utarudi.

MamaTatu_Katuba

Mukubwa eko na kasimu ka batoni tu, hakana WhatsApp, basi tutafanya ile ya Quick Share. Siku ya posho (samedi) nashuka ku vil na yeye, na PDF moja ya kemia iko tayari mu simu, tutaifungua pale pale tukiilaza mbele ya kulipa. Mama Mapacha, kile kifuniko cha mukono ulinunua wapi, ku soko ya komini Kenya ya hapa Lubumbashi ao ku vil?

MamaMapacha_Kenya

Ku soko Kenya, upande wa ba simu. Peleka tableti yenyewe mukononi ukapimishe, ba kamera haziko fasi moja, kifuniko cha modeli ingine kinaifunika.